Nyeupe ya Kariandusi

Juzi niliingia duka moja la pembejeo hapa Nakuru nikitafuta kitu cha kuwazuia fukusi wasinimalizie mahindi. Kijana wa dukani akafungua gunia la unga mweupe, akachota kwa kikombe cha plastiki, akanionyesha. "Hii haina kemikali, mathe. Ni udongo tu, wanachimba huko Kariandusi." Unga ukapanda hewani ukaniingia puani. Harufu yake si kali. Ni kama chaki, au kama ukuta wa chokaa unaponyeshewa mvua ya kwanza. Lakini nilijikuta nimeshika kaunta kwa mikono miwili.

"Uko sawa, mathe?"

Nikamwambia niko sawa, ni uchovu tu, na sikumdanganya. Nyinyi wa rika langu mnaujua uchovu huu, ule unaoamka nao asubuhi kabla hujafanya lolote. Tangu tumzike mama, mimi huchoka hata kwa kukumbuka. Nikabeba unga wangu, nikatafuta benchi nje ya duka, nikakaa hapo nikiwa nimeshafika mbali, katika jiko la Mzee Walta.

Tuliishi kati ya Gilgil na Elmenteita, kwenye kipande cha ardhi kilichokatwa kutoka shamba la zamani la mzungu. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya maua huko Naivasha, akilala hukohuko katika kijiji cha Kamere na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa mimi na mama tu. Mama alimpikia Mzee Walta. Huyu alikuwa Mmarekani mrefu aliyepinda mgongo kidogo. Alikuja na watu wa kanisa kuchimba visima, mke wake akafia huku, na wenzake waliporudi kwao yeye akabaki. Alikaa katika nyumba ya mawe yenye mabati yaliyoliwa na kutu, akitengeneza pampu za maji za majirani. Ukisimama mlango wa jikoni kwake, upande mmoja uliona ziwa na heroe wake, na upande wa pili uliona machimbo ya Kariandusi, ukuta mweupe uliokatwa ubavuni mwa mlima, mweupe wa kuumiza macho saa za mchana.

Kiswahili alijifunza kwa vibarua wa visima. Kila kitu kwake kilikuwa "hii" na "iko". Mama alikuwa amefika kidato cha pili kabla shule haijamshinda, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri, lakini Mzee Walta hakuzungumza naye Kiingereza ila aliposoma majina ya dawa kwenye chupa.

Mchana, kazi ikipungua, alivuta kigoda akaketi mlangoni mwa jiko. Mama alimenya viazi, mimi nikifanya kazi ya shule kwenye ngazi. Hapo ndipo alipozungumza juu ya vita. Wageni wa kanisa walipokuja kumtembelea na mmoja akagusia vita, alitazama mawingu na kuuliza kama mvua imefika Nairobi. Lakini kwetu, mlangoni pale, alisema. Siku moja mama alimwambia kwa Kiingereza kwamba anaweza kusimulia kwa lugha yake, yeye ataelewa. Mzee Walta akatikisa kichwa.

"Hapana, Mama Njeri. Kwa Kingereza hii maneno inauma. Kwa Kiswahili mimi ni kama mtoto. Mtoto anasema tu."

Hivyo ndivyo nilivyoipata historia ya kikosi chake, vipande vipande, kati ya maganda ya viazi. Walikuwa watu wa kuruka. "Sisi ilikuwa kijana," alisema. "Wanatufundisha kuruka kutoka mnara, halafu kutoka ndege. Jua kali, mchanga, kila siku kukimbia. Mtu akiogopa, wanamrudisha kwao." Nilidhani ndege zao zilikuwa mbovu. Sikuona sababu nyingine ya mtu mzima kutoka nje ya ndege kabla haijafika, na nilipomuuliza mama kwa nini hawakuzitengeneza kwanza, alicheka hadi akaweka kisu chini.

Walivuka bahari kwa meli. Wakaruka Ufaransa gizani, na moto ukipanda kuwafuata kutoka chini. Adui alikuwa amefungulia maji yakajaa mashambani, na wale walioanguka humo, kwa uzito wa mizigo waliyofungwa mwilini, walizama katika maji ambayo mtoto angeweza kusimama ndani yake. Miavuli yao ya kitambaa ilitandazika juu ya maji. Yeye aliangukia malisho ya ng'ombe. Alitambaa kando ya ua wa miti akiwatafuta wenzake, na wa kwanza kumpata alikuwa Remondi, ambaye walikuwa wamefundishwa naye na kula naye sahani moja. Baadaye waliruka Uholanzi, safari hiyo mchana, na akina mama wakatoka mashambani mbio kuwapa maziwa na matofaa. Sehemu hiyo aliipenda. Alionyesha kwa mkono jinsi tofaa lilivyokuwa kubwa.

Halafu ulikuja msitu. Huko hawakuruka, walipelekwa kwa lori, haraka, bila makoti ya baridi. Wakachimba mashimo wakaishi ndani, watu wawili kwa shimo moja. Mzee Walta hakulijua neno theluji. Alipofika hapo alinyoosha kidole juu ya kichwa changu, kuelekea machimbo. "Nyeupe," alisema. "Kila mahali nyeupe, kama hiyo. Inaingia kwa kiatu, inaingia kwa chakula, inafunika mtu." Na Remondi? "Remondi alikufa huko. Tulimfunika na hiyo nyeupe. Tukaenda, tukamwacha."

Basi mimi nikaelewa nilivyoelewa. Vita vilipiganwa Kariandusi. Remondi alikuwa ndani ya ukuta ule, na wanaume tuliowaona wakitoka kazini jioni, weupe hadi kwenye kope, walikuwa wanachimba mahali alipolala. Niliamini hivyo kwa muda mrefu na sikumwambia mtu, kwa sababu nilifikiri kila mtu anajua. Njia ya shule ilipita karibu na lango la machimbo. Niliipita nimefumba jicho la upande ule, na lori likinipita na kunirushia vumbi, nilijipangusa polepole, kwa heshima, kama mtu anayetoka makaburini.

Mwezi wa likizo ikaja gari ya kukodi kutoka Nairobi. Akashuka mama mmoja wa kizungu, mwenye mvi za kwanza, amevaa viatu vya kutembelea mjini. Watu wa kanisa ndio waliomwelekeza. Alisalimiana na Mzee Walta barazani, akasema jina lake, na nikamwona mzee ameshika nguzo. Mama alinivuta jikoni.

"Huyo anaitwa Magreti," akaninong'oneza. "Ni mtoto wa Remondi."

"Remondi alikuwa na mtoto?"

"Alizaliwa baba yake ameshapanda meli. Hawakuwahi kuonana."

Tuliwasikia barazani. Mgeni alikuwa anauliza, na kila alipouliza, sauti ya Mzee Walta ilijibu kwa maneno mafupi. Mama alikaza masikio. "Anamwambia juu ya mvua," akasema, na akapumua kwa nguvu. Baada ya chai ya kwanza Mzee Walta alisema kuna pampu inamsubiri. Akashuka uani, akaanza kugonga pampu ambayo tulijua haina shida yoyote. Mgeni akabaki peke yake kwenye kiti cha mbao, mikono mapajani, akitazama mbele bila kuona.

Mimi nilimhurumia. Mtu ametoka Amerika kumtafuta baba yake, na hakuna anayemwonyesha, na baba mwenyewe yuko hapo ng'ambo ya barabara. Nikatoka, nikamshika mkono. Alishangaa lakini akanifuata. Nikampeleka hadi kona ya ua, pale miti ya mileleshwa inapoishia, nikaunyooshea kidole ukuta mweupe.

"Baba yako ako pale," nikamwambia. "Chini ya nyeupe."

Alitabasamu kwa upole, kama watu wanavyotabasamu kwa watoto wasiowaelewa, kisha akageuka kumtafuta mama. Mama alikuwa anakuja mbio akijipangusa mikono kwa aproni. Mgeni akamuuliza mtoto amesema nini. Mama akaniangalia.

"Umemwambia nini, Njeri?"

Nikarudia. Ugongaji wa pampu ukakoma. Mzee Walta alikuwa amesimama nyuma yetu na spana mkononi, na alikuwa amenisikia vizuri kabisa. Alitazama machimbo, akanitazama mimi, akatazama machimbo tena. Nadhani ndipo alipojua nilichokuwa nimebeba wakati wote ule. Akatafuta mahali pa kukaa, akaketi juu ya pipa lililopinduliwa.

"Mama Njeri," akasema. "Mimi nasema, wewe unamwambia."

"Lakini Mzee, Kiingereza ni chako."

"Haitoki."

Mama akaja akasimama kati yao. Bado ninaweza kumwona, kitambaa kichwani, mikono ina unyevu wa viazi, mwanamke ambaye hakuwahi kufika mbali zaidi ya Nairobi, akisubiri kumbebea Mmarekani vita vyake vimfikie Mmarekani mwenzake.

Mama alianza na mimi, kwanza, ili mgeni aelewe. Alimweleza kwamba huyu mtoto anadhani nyeupe ya Mzee ni hii ya mlimani. Kisha, kwa sauti ya chini, akaniambia kwamba si hii, ni barafu laini inayoanguka kutoka mawinguni katika nchi zao, na ni mbali sana. Sikupata nafasi ya kuuliza. Mzee Walta alikuwa ameanza.

Alisema juu ya shimo. Alisema walivyolala migongo imegusana kwa ajili ya joto, na Remondi alivyoweka picha ya mtoto mchanga ndani ya kofia yake ya chuma. Miguu ya Remondi ilivimba, ikawa ya bluu, lakini alikataa kwenda kwa daktari kwa sababu shimo lingebaki na mtu mmoja. Mizinga ilipasua miti juu yao, na miti ikawaangukia kama mikuki. Mama alitafsiri yote, sentensi kwa sentensi, kwa sauti ile aliyosomea somo kanisani. Mgeni alisikiliza bila kusogea.

Halafu Mzee Walta akasema hivi.

"Asubuhi moja jua ilitoka. Risasi ilikuwa imenyamaza. Mimi nilimwambia Remondi, kaa chini. Yeye alisema, nimechoka. Alisema pole pole, kama mtu anaenda kulala. Akatoka kwa shimo. Bunduki aliacha. Akasimama, mikono chini, akatembea kidogo. Wakampiga. Mimi nilikuwa naweza kushika mguu yake. Sikushika. Na mimi nilikuwa nimechoka."

Mama aliinamisha kichwa. Mgeni akainua macho akimsubiri. Kisha mama akasema, kwa Kiingereza, maneno machache kuliko aliyopewa. Mimi nilikuwa darasa la nne, Kiingereza changu kilikuwa cha vitu vya darasani na vya nyumbani, lakini neno moja nililijua bila shaka. Mama alisema maji. Alisema Remondi alitoka asubuhi ile kuwatafutia maji.

Mzee Walta akainua kichwa. Ni kosa la ajabu kumtafsiria mtu uongo katika lugha aliyozaliwa nayo, na mama alilifanya akiangalia chini, vidole vikikunja aproni. Mzee alimtazama mama. Hakumsahihisha. Akaendelea tu, kwamba viatu vyake yeye vilikuwa vimekwisha, akachukua vya Remondi, akavivaa hadi vita vikaisha. Hilo mama alilisema kama lilivyo, na mgeni akashusha macho kwenye miguu ya mzee, kana kwamba bado amevivaa.

Mgeni akalia, lakini kidogo, kwa nidhamu. Alimshukuru mzee, akamshukuru mama, akanishika shavu. Akaenda kwenye gari. Mama akarudi jikoni haraka, akachukua kisu na kiazi. Nikamfuata.

"Mama, Mzee hakusema maji."

"Nyamaza, Njeri."

"Alisema nimechoka."

Aliendelea kumenya. Ganda lilikuwa nene, alikuwa anaharibu kiazi. "Huyo ametoka mbali," akasema mwishowe. "Ulitaka arudi kwao na hiyo?"

Gari ikawaka. Tukasikia mawe ya njiani yakisagika chini ya magurudumu, kisha tukamsikia Mzee Walta akiita. Tulikwenda dirishani. Alikuwa anakimbia, kama mtu mwenye magoti yale anavyoweza kukimbia, na aliifikia gari kabla haijapita lango. Akashika mlango, akainamia dirisha, akasema naye Kiingereza.

Sikuwahi kumsikia akisema Kiingereza kirefu. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, nzito zaidi na changa zaidi, na haikuwa na kigugumizi kile cha kutafuta maneno. Mengi sikuyaelewa. Lakini mwalimu wetu alikuwa na neno ambalo alilitumia kila mchana kukiwa na joto na sisi tukisinzia, na neno hilo nilimsikia Mzee Walta akilisema, mara moja, kisha tena. *Tired*.

Dereva akazima gari. Mlango ukafunguka, mgeni akashuka. Waliketi juu ya mabomba ya visima yaliyolazwa kando ya lango, na tukamwona akiuliza, naye akijibu, akiuliza tena, naye akijibu. Mara moja mgeni alifunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yakamtetemeka, na safari hii hakukuwa na nidhamu yoyote. Mzee Walta hakumgusa. Alikaa tu karibu naye.

"Ameniumbua," mama akasema. Hakuonekana amekasirika. Aliweka kisu chini. "Weka maji ya chai, Njeri. Hawa hawaendi saa hii."

Magreti alikuja jikoni mwenyewe kuchukua vikombe. Macho yalikuwa mekundu. Mama akaanza kuomba msamaha, na mgeni akamshika kifundo cha mkono ili anyamaze, akamwambia mambo ambayo mama alinieleza baadaye, tena na tena, miaka yote, kila mara akitafuta namna bora ya kuyaweka. Alisema amekulia chini ya picha ya mtu aliyekufa akimvamia adui. Akishindwa na hesabu, akilia, akikataa kuamka, mama yake alimwonyesha ile picha. Hakuwa na la kumwambia mtu kama huyo. Hata kaburini kwake, alipokwenda, alisimama kama mwanafunzi mbele ya mkuu wa shule. Lakini mtu aliyechoka angeweza kukaa naye meza moja. Mtu aliyechoka angemwekea chai.

Kisha, akiwa ameshika vikombe, mlangoni, akageuka. Alisema, asante pia kwa yale maji.

 Mama aligeukia jiko akachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Magreti alirudi kwao baada ya wiki moja, na Mzee Walta aliishi miaka kadhaa zaidi. Sikumsikia tena akisimulia vita mlangoni pale. Alileta kigoda chake kama kawaida, akazungumza juu ya pampu, na bei ya mbolea, na mbwa wa jirani. Alipokufa tulimzika Gilgil karibu na mke wake, na mama ndiye aliyeombwa kusema machache. Alisema kwamba mzee alipenda viazi vyake viwe na chumvi kidogo, akaketi.

Lakini jioni ya siku ile ndiyo hunirudia. Tulitoka kwa Mzee Walta jua likishuka, tumewaacha wale wawili bado wanazungumza. Mama alitembea mbele, sufuria ya mabaki kichwani. Kwa kawaida nilikimbia ili kumfikia. Siku hiyo nilimfikia bila kukimbia. Tulipovuka reli alisimama, akatua sufuria, akatazama nyuma tulikotoka na mbele tulikokwenda. Nyumbani kulikuwa na kuni za kupasua, ng'ombe wa kukama, na nguo zangu za shule ndani ya beseni.

"Wacha tukae kidogo," akasema.

Hatukuwahi kukaa njiani. Aliketi kwenye majani, akavua viatu, akanyoosha miguu yake mbele. Ilikuwa imevimba kwenye vifundo, na ilikuwa mara ya kwanza kuiona. Nikaketi karibu naye. Ng'ombe wetu alikuwa anaita kwa mbali, anajulikana kwa sauti. Mama alimsikia, mimi nilimsikia, na tukaendelea kukaa.